Mrututu Kwenye Plastiki ya Muhogo

Mwanangu, kuna asubuhi moja ambayo bado inanitetemesha, na kichwa chote hiki kimeshajaa mvi. Nimeikumbuka tena jana, uliponionyesha kwenye simu yako watu wanaopika plastiki kwa wanga na siki, ukaniuliza, "Shangazi, si na wewe ulikuwa unafanya haya?" Nilifanya. Nisikilize kwanza, halafu tutawasha jiko.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nimerudi kwetu milimani, juu ya Kihurio. Shuleni nilikuwa nimechungulia hadubini, na nilichokiona mle hakikuniacha: chembe za jani zimepangana kama vyumba, vijidudu vya maji ya bwawa vikiogelea. Nikawa nachora vitu hivyo tu. Karatasi hazikunitosha, nilitaka mchoro unaopitisha mwanga. Basi nikapika wanga wa muhogo kwa siki na gliserini ya kujipaka, nikaumimina kwenye sinia, ukakauka ukawa utando laini unaong'aa. Nikachora juu yake kwa wino. Majirani walicheka, lakini mimi nilijiona fundi.

Kilichoniponza ni rangi. Nilitaka buluu, na buluu nzuri kuliko zote ilikuwa stoo kwa baba: mrututu, ile dawa ya chengachenga aliyopulizia kahawa. Nyumbani sote tulijua ni sumu. Nikachota kwa siri, nikaukoroga kwenye sufuria ya wanga, nikamimina, nikaanika sinia dirishani, nikaenda kuteka maji. Sikumwambia mtu.

Niliporudi nilimkuta Nakijwa, binti wa dada yangu, mtoto wa miaka minne, ameketi chini ya dirisha anatafuna kipande cha utando wangu. Midomo yake ilikuwa ya buluu.

"Mama mdogo, peremende yako chungu," akasema, kisha akaanza kutapika.

Dada yangu Namsifu alimfunga mgongoni kwa kanga, tukashuka mlima mbio. Shingo ya mtoto ilikuwa inalegea. Dada aliniuliza njiani, "Amekula nini?" Nikajibu, "Muhogo tu." Sijui jibu lile lilitoka wapi, mwanangu. Hofu ndiyo iliyosema. Nilimwona baba akinifukuza, nikaona michoro yangu ikitiwa moto, na hayo yote yalinitisha kuliko nilivyoweza kuvumilia.

Zahanati tulimkuta muuguzi mtu mzima. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku ameshamshika mtoto.

"Amekula nini?"

"Muhogo, mama. Na siki kidogo."

"Basi utakuwa muhogo mchungu," akasema, akaanza kuandaa dawa ya sumu ya muhogo.

Nilisimama pale namtazama akiandaa tiba isiyo ya sumu ile. Nakijwa akatapika tena, akanitafuta kwa macho, na hapo nikashindwa.

"Mama, kuna mrututu ndani yake. Niliutia mimi."

Dada alinitazama kama hanijui. Muuguzi hakupoteza muda kwa kunigombeza. Aliuliza ni kiasi gani, akampa mtoto maziwa, akamtundikia maji ya mshipa, akatafuta gari la kumpeleka hospitali Same. Kabla hajapanda gari na mtoto, muuguzi alinigeukia akaniambia kwa sauti ndogo, "Binti, kuchora si kosa. Lakini njia nzima hii umebeba tiba ya mtoto mdomoni, ukaufumba."

Siku tatu hatukujua kama atapona. Alipona, na leo ana watoto wake, anaishi Makanya. Ila dada hakuniachia tena mtoto yule kwa muda mrefu sana, na sikumlaumu.

Kwa hiyo, mwanangu, pika, jaribu, chora mambo ambayo macho ya watu hayajawahi kuona. Lakini kila unachochanganya kiandike kwenye chombo chake, uwaambie unaoishi nao, na chenye sumu kisikae kamwe karibu na chakula wala mtoto. Na siku utakapokosea, maana utakosea, sema palepale, hata kama sauti inatetemeka. Aibu utaizoea. Kaburi la mtoto hutalizoea.

Mungu aibariki mikono yako, ailinde nyumba utakayofanyia kazi, na akupe ulimi mwepesi wa kusema kweli siku utakapoogopa. Amina.