Chai Iliyomwagika Mbele ya Wazee wa Kanisa

Mama alianguka akitoka kisimani na ndoo kichwani, masika, miaka ile ya hamsini, kwenye njia ya utelezi nyuma ya nyumba yetu pale Iringa. Kisogo kikagonga jiwe. Alilala siku tatu, ya nne akaamka akapika, tukasema amepona. Kumbe wapi.

Tangu hapo akawa anamimina chai mpaka inafurika. Macho kayakaza kwenye kikombe, na chai inatiririka mezani. Kuvuka barabara ikawa kazi: anapiga hatua, anarudi, anapiga tena, mpaka dereva anampigia honi. Nilipomuuliza alisema watu siku hizi hawaji, wanatokea tu. Chai nayo aliiona imesimama hewani kama mshumaa, halafu ghafla kikombe kimejaa. Nikamcheka. Mtoto wa miaka minane ana akili gani?

Sasa, kwetu masika ndiyo msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Mianzi inagemwa asubuhi, jioni kijiji kizima kinaimba. Mjane anayekwenda mbele na kurudi nyuma barabarani msimu huo, watu wanataka ushahidi gani tena? Wakaja wazee wa kanisa wawili. Mama, maskini, akawakaribisha chai. Akammwagia mmoja mapajani.

Yule aliyeungua ndiye aliyenigeukia. Akaniuliza kama mama humimina hivyo kila siku. Nikasema ndiyo. Akauliza kama barabarani nako huyumbayumba. Nikasema ndiyo. Nilikuwa nimekariri amri zote kumi, na ile ya kushuhudia uongo niliiogopa kuliko fimbo.

Jumapili wakamtenga na Meza ya Bwana, kanisa zima likisikia. Jioni yake mama aliniita jikoni.

"Umewahi kuniona na kikombe cha ulanzi?"

"Hapana, mama."

"Mbona hukuwaambia?"

"Hawakuniuliza."

Hakunipiga. Heri angenipiga. Aliendelea kumenya viazi. Kila Jumapili ya ushirika alikaa benchi la nyuma na kitambaa chake cheupe kichwani, wenzake wakipita kwenda mbele. Masika yaliyofuata kichomi kikamchukua, bado ametengwa. Tulimzika bila kengele.

Nikaja kuwa muuguzi Mbeya. Miaka mingi baadaye daktari mmoja akatufundisha kwamba huko nyuma ya ubongo kuna seli ambazo kazi yake ni mwendo tu. Nyingine huamka kitu kikienda polepole, nyingine kikienda kasi, na ubongo hujua kasi kwa kusikiliza zipi zinapiga kelele zaidi. Zikiumia, mtu anaona kikombe, anaona chai, ila haoni chai ikishuka. Nilitoka darasani nikaenda kulia chooni. Hadi leo mtu akiniambia mwenye macho haambiwi tazama, natamani kumzaba kofi.

Nikapanda basi hadi Iringa. Yule mzee aliyeungua alikuwa hai bado, amekaa barazani kwake anaota jua. Hasira nilikuwa nimeipanga njia nzima. Nikamweleza yote: jiwe, kisogo, seli, chai. Nikamtaka atamke mbele yangu kwamba walimwonea mama yangu.

Machozi yakamtoka, mzee wa watu.

"Mwanangu," akasema, "sisi tulikuamini wewe."