Mabati ya Chaki

Antipasi alikuwa mpiga picha wa Manyoni, jirani na stesheni, na kama hukuwahi kupigwa picha naye basi wewe Manyoni ya miaka ile ya mwanzo ya Uhuru ulipita tu. Wapiga picha wa miji mikubwa walikuwa na mapazia ya kununua. Yeye alikuwa na vitambaa viwili vyeusi vya kaniki vilivyoshonwa pamoja na boksi la chaki za shule. Ukitaka milima nyuma yako, anakuchorea milima. Ukitaka twiga, anakuchorea twiga anayekula majani juu ya bega lako. Twiga wake walikuwa wazuri kweli, maana aliwaona tangu utotoni akichunga. Simba hakuwahi kumwona wala hakutaka kukiri, kwa hiyo simba wake alikuwa mbwa aliyefungwa kilemba. Watu walimcheka na bado walipanga foleni.

Ufundi wake ulikuwa maji ya sukari. Aliloweka chaki humo, ndipo akachora, na mchoro ukashika kwenye kaniki bila kupukutika. Shida ilikuwa sisimizi. Asubuhi alikuta wameshamla twiga miguu.

"Hawa nao wamekuja kuwinda," alikuwa akisema, na anachora upya.

Mwaka 1974 magari ya Operesheni, yaliyohamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, yakafika kwa mama yake, Marietha, mjane aliyeishi kwenye tembe la udongo lenye paa nene. Walimtoa, wakang'oa nguzo za paa ili asirudi, wakamshusha na vyungu vyake kwenye kijiji kipya. Kijiji, jamani! Kilikuwa pori lenye vigingi vya kupimia viwanja, basi. Mama wa watu akasimamishiwa kibanda cha mabua. Antipasi alipokwenda kumwona alimkuta amekalia kinu, kanga begani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu kwangu." Akamwonyesha kigingi kwa kidole. "Wamenipa hicho."

Roho ilimuuma Antipasi. Mvua zilikuwa karibu, na mama yake alikuwa na kifua kibovu tangu zamani. Akamwendea katibu wa kijiji, Leonidas, mtu wa maneno mengi ambaye viatu vyake viling'aa hata kwenye vumbi lile.

"Ndugu Antipasi, Mungu amekuleta!" Leonidas akamshika mkono. "Mkoani wanataka picha ya kila kijiji. Wakiridhika wanatoa mabati. Sasa mimi niwapelekee picha ya vigingi? Wewe si unachora?"

"Nichore nyumba?"

"Chora kijiji kizima, ndugu yangu. Kikipendeza, bati la kwanza ni la mama yako."

Hayo maneno ya mwisho ndiyo Antipasi aliyoyasikia. Aliloweka chaki zote alizokuwa nazo kwenye maji ya sukari, akazimaliza. Alichora nyumba mstari kwa mstari, na kila bati akalitia migongo yake. Akachora shule, mlingoti wa bendera, bomba linalomwaga maji, ng'ombe walionona, na kwa mazoea tu, twiga kule nyuma kwenye kilima. Akaitundika kaniki kati ya miti miwili, akawapanga wanakijiji mbele yake, mama yake katikati, penye mlango wa nyumba kubwa kuliko zote.

"Mama, cheka kidogo."

"Nicheke nini, na nyumba yenyewe haiingiliki?"

Watu wakaangua kicheko, naye Marietha akacheka, hapo hapo Antipasi akabonyeza. Hajawahi kupiga picha nzuri kama ile maishani mwake. Leonidas aliipeleka mkoani akiwa ameifunga kwenye kitambaa.

Mvua ya kwanza iliponyesha, lori la mabati likaonekana. Likapita! Antipasi na Leonidas wakalifuata mbio kwenye matope hadi kijiji cha jirani, wakakuta watu wanashusha mabati, na bwana aliyetoka mkoani amesimama kando na picha zake.

"Ninyi tena mnataka nini?" akawauliza. "Ninyi mna nyumba, bomba mnalo. Wenzenu hawa picha yao ni watoto wamelala chini ya mti. Hamwoni hata haya?"

"Ni chaki, mzee," Antipasi akasema. "Zile nyumba nilichora mimi."

Yule bwana akaitazama picha, akamtazama Antipasi. "Kwa hiyo mliidanganya serikali?"

Leonidas akamvuta Antipasi shati kwa nyuma. "Anatania huyu, ndugu. Ana utani mwingi sana." Na wakaondoka, kwa sababu wote wawili waliogopa. Njiani Antipasi alimtukana Leonidas matusi yote aliyoyajua.

Mvua ikakolea. Kibanda kilivuja kila mahali. Antipasi hakuwa na turubai wala kitu kingine kizito, akachukua ile kaniki yake ya kazi, na kijiji chake chote juu yake, akaitandika juu ya mabua na kuifunga kwa kamba.

"Leo umeniezekea, baba," mama yake akamwambia kutoka ndani, akikohoa. "Mungu akubariki."

Lakini kaniki si bati. Maji yalipenya, na kifua cha mama kikambana. Antipasi akaenda kutafuta dawa misheni, Kilimatinde. Aliporudi nayo alisikia kilio kabla hajakiona kibanda.

Jirani yao Yustina ndiye aliyemwosha marehemu pamoja na wanawake wengine. Baadaye akatoka nje, vidole vyake vyeupe.

"Antipasi, tumeosha tumeshindwa. Nywele za mama zimegandana, kuna kitu cheupe kinanata, na sisimizi wamejaa humo. Ni nini hiki?"

Antipasi akavitazama vile vidole.

"Ni mabati," akasema. "Ndiyo mabati niliyomletea mama."

Akakaa chini kwenye matope, dawa bado mkononi, akalia kwa sauti hadi wanaume waliokuwa wakichimba kaburi wakaacha majembe.