Mchumba na Firigisi Yangu

Leo firigisi yangu imeliwa na mgeni, mimi nikiangalia.

Hapa Kariobangi neno "siriasi" linafanya kazi zote. Mgonjwa akizidiwa, yuko siriasi. Fundi akipotea na suruali yako, hayuko siriasi. Na wiki nzima mama watoto ananiambia mchumba wa binti yetu Nekesa yuko siriasi, yaani anataka kuoa.

Basi kijana akaja, tai shingoni. Kuku akaletwa.

Sisi watu wa Magharibi mwa Kenya, firigisi ni ya baba mwenye nyumba. Kijana ni wa Kitui, nani angemwambia? Akaichukua, akatafuna.

Nekesa akafunika uso. Mama yake akafoka, "Huyu hayuko siriasi!"

Kijana akaacha kutafuna, shavu limejaa. "Mzee, nimekosea wapi?"

"Meza kwanza," nikamwambia. "Firigisi yangu hairudishwi. Ukishaila, huyu binti lazima umuoe."

Akameza haraka sana, karibu apaliwe.

Hapo nikajua yuko siriasi.

Mama watoto amenuna mpaka sasa. Nyinyi mngemfukuza?

Mimi nimesema tu, siku ya mahari wachinje kuku wawili.