Gadi ya Pikapu ya Mzee Kimeli

Mimi Nyabate sina subira, na sijawahi kumdanganya mtu kwamba ninayo. Miaka kumi na miwili nauza vipuri hapa Sotik, na mtu akisimama mbele ya meza yangu akiuma maneno, damu inanichemka. Basi siku mzee Kimeli wa Sigor alipovua kofia akasema polepole, "Mama, nataka kadi ya injini," sikumpa hata nafasi ya kueleza. Nilimwambia makaratasi ya gari yako Kericho, ofisini; hapa tunauza vyuma. Akashukuru, akaenda zake.

Kumbe alitaka gadi. Mzee wa Kikipsigis ukimpa g anaweza kukurudishia k, na mimi Mkisii niliyeishi nao miaka yote hii nilipaswa kujua. Gadi ni bamba la chuma linalofungwa chini ya injini ili mawe yasipasue sampu, lile bakuli la oili. Mzee wa watu akashinda Kericho kutwa nzima akitumwa dirisha hili na lile, mpaka karani mmoja akamuuliza hiyo kadi ni ya kufanyia nini. Alipoelezwa alicheka, akamwambia arudi alikotoka; kisa hicho kikanifikia dukani kabla ya mzee mwenyewe.

Na Kimeli hakuwa na siku za kupoteza. Hubeba maziwa ya nyumba arobaini, kutoka kule Sigor hadi kwenye mtambo wa kupoza hapa Sotik, kwa pikapu iliyomzidi umri kifungua mimba wangu. Mwezi wa tatu jiwe la kivukoni lilipasua sampu. Oili ikamwagika, maziwa yakaharibika, na chama cha wafugaji kikamwambia waziwazi: ikitokea tena, kazi anapewa mwingine. Ana miaka sitini na minane. Hiyo ndiyo kazi anayoijua.

Siku ya tatu akarudi na pikapu yake. Nikaanza kuomba msamaha, lakini akainua mkono.

"Leo sisemi, mama. Ingia chini uone."

Nikatandika gunia nikaingia. Tumbo lote la ile pikapu lilikuwa limekandikwa mavi ya ng'ombe na majivu, kama ukuta wa nyumba. Alikuwa ameyapaka jana yake, yakakauka, halafu asubuhi akapakia mitungi iliyojaa na kuja nayo kwa barabara yake ya kila siku. Kila jiwe lililogusa lilikuwa limeacha alama. Kwa mbele, mahali ambapo madereva wote huniapia kwamba ndipo panapogongwa, palikuwa pazima; alama za vidole vyake bado zilionekana. Lakini nyuma ya sampu, upande wa kushoto, mavi yalikuwa yamekwanguliwa mpaka chuma kikabaki wazi.

Nilikuwa nimeshamtengea bamba la alumini, lile linalong'aa, linalopendwa na kila mtu. Ni zuri, ila ni fupi. Hukinga mbele tu. Kama ningemsikia vizuri siku ile ya kwanza ningemuuzia hilo, naye angeshukuru na kwenda kuua injini. Mungu ana mambo yake.

"Nani alikufundisha hii?" nikamuuliza nikiwa bado chini.

"Hakuna. Mama yangu alikuwa anakandika nyumba. Ng'ombe akijikuna kwa ukuta, unajua alisimama wapi."

"Na mbona ukapakia maziwa kwanza?"

"Gari tupu inadanganya."

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Fundi wangu Ratemo, ambaye hajawahi kukubali kufundishwa na mtu, aliingia chini akakaa huko muda mrefu. Alipotoka alimshika mzee mkono kwa mikono yake miwili.

Tukaburuta kutoka nyuma ya duka bamba moja la chuma, refu, zito, jeusi, ambalo wateja wote walikuwa wamelikataa kwa ubaya wa sura. Kimeli akalipima kwa shubiri, akalala chini akalishikiza palipokwanguliwa. Lilifunika pote. Akataka litobolewe tundu la kumwagia oili kuukuu, basi. Ratemo akatoboa tundu hilo na mengine manne ya boliti, akalifunga kwenye chesisi.

Kesho yake nilifunga duka, mimi nisiyefunga hata nikiumwa, nikaenda Sigor kuona. Tukarudi tumekaribia kujaa maziwa. Kivukoni Kimeli hakukwepa, maana hapana pa kukwepea. Bamba likapiga jiwe, na mlio ukaniingia mpaka kwenye meno. Sote wawili tukakodolea macho taa ya oili, ile inayowaka oili ikiisha. Haikuwaka. Nilikuwa nimeshika mlango kwa nguvu hata vidole vikaniuma, na mzee alikuwa ananong'ona kwa Kikipsigis, nadhani anaomba.

Juu ya mlima walikuwa wanangoja akina mama wa mwisho na maziwa yao, na wao pia walikuwa wamesikia ule mlio. Tulipotokeza, Chepkemboi, ambaye mwezi wa tatu maziwa yake yote yaliharibika, alikuwa ameshajitwika mtungi na kugeuka kurudi nyumbani. Alisikia injini nyuma yake, akasimama. Akautua ule mtungi kando ya barabara, akajifuta macho kwa leso.

Kimeli hakuzima hata gari.

"Leta maziwa," akamwambia.