Cherehani Iliyoelekea Mlangoni

Msichana huyu nilimfahamu alipoanza kuja kuazima vitabu katika maktaba ya shule ninayoisimamia. Alikuwa na mdomo usiopumzika. Alichokisoma alikisema, alichokisikia alikirudia, mpaka watu wakaacha kumwita kwa jina lake wakamwita Kasuku. Mimi naamini kuwa mtu asiyeweza kukaa na neno hajakua, hata kama ana ndevu. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa nayaandika kwa furaha.

Kasuku analelewa na shangazi yake, dada wa baba yake, ambaye ni fundi cherehani. Akitoka shule haendi nyumbani. Anakwenda moja kwa moja kwenye chumba cha ushonaji anakofanya kazi shangazi. Pale ana shughuli mbili: kuokota pini sakafuni kwa sumaku na kuwasomea mafundi. Redio ya pale iliharibika zamani, na mwenye chumba, mama ambaye wote humwita Bosi, akakataa kununua nyingine. Mafundi wakagundua kuwa msichana ni bora kuliko redio. "Huyu ukimwambia rudia, anarudia," husema fundi mkasi, yule mzee wa utani anayekata vitambaa.

Siku moja Kasuku aliniomba kitabu kinene cha kuwasomea. Nikampa kumbukumbu za mwanamke aliyenusurika vita akiwa binti mdogo.

"Hiki si cha kuchekea wala cha kulilia ovyo," nilimwonya. "Kisome kwa adabu."

"Sawa, mwalimu. Kurasa sitazikunja."

"Sikuzungumzia kurasa."

Wakati huo chumba cha ushonaji kilikuwa na matatizo. Walikuwa wakishona sare za shule, na baadhi ya kola zilirudishwa kwa sababu zilipinda. Zote zilitoka kwenye cherehani ya shangazi. Sababu ilionekana kwa macho. Mafundi wengine walikaa wakielekea dirisha na kupata mwanga wote. Shangazi peke yake aliielekeza meza yake mlangoni, dirisha likawa nyuma yake, akawa anashona ndani ya kivuli chake mwenyewe.

"Shangazi, geuza hiyo meza," Bosi alimwambia mbele ya wote. "Mwanga uko huku."

"Nimezoea hivi, Bosi."

"Umezoea kushona kola zinazokwenda kushoto?"

"Mwache, Bosi," akadakia fundi mkasi. "Anamngoja mchumba. Akigeuka atapitwa."

Watu wakacheka. Shangazi hakucheka. Bosi naye hakucheka.

"Ijumaa niikute imegeuka," alisema. "La sivyo hiyo cherehani nampa mwingine. Sina ubaya na wewe, lakini shule haitazipokea kola hizi mara ya pili."

Simlaumu Bosi. Kazi mbovu ni kazi mbovu, na mtoto aliyelipiwa sare anastahili kola iliyonyooka. Lakini cherehani ile ndiyo iliyowalisha shangazi na Kasuku, na nyingine hawakuwa nayo.

Kesho yake Kasuku alikaa kwenye kigoda chake akaendelea kusoma. Alifika pale mwandishi anapoeleza maisha yake baada ya vita: kwamba tangu siku watu wenye silaha walipoingia nyumbani kwao nyuma ya mgongo wake, hajawahi tena kuupa mlango mgongo, si kanisani, si kwenye basi, si mezani kwa mwanawe.

Cherehani moja ikanyamaza.

Nyingine ziliendelea kulia, kwa hiyo hakuna aliyejali. Kasuku akainua macho. Mguu wa shangazi ulikuwa umetulia juu ya kanyagio, na macho yake yalikuwa mlangoni. Hapo msichana akakumbuka kiti cha nyumbani ambacho hakuna mwingine anayeruhusiwa kukikalia, kile kinachotazama mlango. Akakumbuka zahanati, shangazi ana homa lakini amesimama akiegemea ukuta, kwa kuwa benchi liliupa mlango mgongo. Siku zote alidhani ni ubishi tu. Alijua kuwa shangazi alifika hapa akiwa msichana kutoka mbali, na kwamba katika ukoo wao habari hiyo haiulizwi.

Akafunga kitabu. "Koo limekauka."

"Jamani!" alisema fundi mkasi. "Kasuku kachoka kusema! Anueni nguo, mvua inakuja."

Njiani Kasuku akashindwa kuvumilia.

"Shangazi."

"Sema."

"Ile sehemu ya mlango..."

"Nimeisikia." Wakapita nyumba kadhaa. "Usimwambie mtu. Sitaki kutazamwa kama chungu chenye ufa."

"Lakini Bosi akijua atakuacha ukae unavyotaka."

"Ataniacha kwa huruma. Mimi ni fundi, mwanangu. Akiniacha, aniache kwa sababu ya kola zangu."

Siku iliyofuata Kasuku alikuja maktaba, akakaa, asiseme kitu. Nikamuuliza kitabu kikoje. "Kizuri, mwalimu," akajibu, basi. Nilimgusa paji la uso nione kama ana homa.

Wapo wanaosoma kitabu cha vita kisha wakaenda kumsumbua kila aliyepitia vita awasimulie, kana kwamba maumivu ya mtu ni deni analodaiwa na msomaji. Nawachukia watu hao. Kasuku angeweza kuiokoa cherehani kwa sentensi moja, na kila mtu alijua kuwa kwake sentensi moja ni kitu chepesi. Hakuisema.

Siku moja kabla ya Ijumaa, mteja alikuwa akijaribu gauni mbele ya kioo kirefu. Kasuku alikuwa amepiga magoti akiokota pini. Alipoinua kichwa aliuona mlango ndani ya kioo, wote mzima, na mtu akiingia. Yeye mwenyewe alikuwa ameupa mgongo.

Akasimama. "Bosi, kile kioo kikihamishiwa pembeni mwa dirisha, fundi anayeelekea dirisha atamwona kila anayeingia. Hana haja ya kugeuka."

"Na wateja watajitazamia wapi?"

"Hapo hapo. Kwenye mwanga wataona rangi vizuri."

Nimejiuliza kama huo ulikuwa uongo, maana uongo sina msamaha nao. Haukuwa. Kila neno lilikuwa kweli. Lililobaki halikuwa lake kulitoa.

Bosi alimtazama msichana, akamtazama shangazi, kisha mlango. "Kibebeni," akasema. Nadhani alielewa. Kama alielewa, hajasema mpaka leo, na kwa hilo namheshimu.

Meza ikageuzwa. Shangazi akakaa, mlango mgongoni, kioo mbele yake kwa pembeni. Aliingia mteja, jicho la shangazi likapanda kwenye kioo, likarudi kwenye sindano. Akaingia mwingine. Mabega ya shangazi, ambayo Kasuku hakuwahi kuyaona yakiwa chini, yakashuka.

"Sasa atajitazama mchana kutwa," alisema fundi mkasi. "Kola zitatoka zimepakwa wanja."

"Na wewe nakuona humu, mzee," shangazi akajibu bila kugeuka. "Umeacha mkasi, unakula."

Chumba kizima kikaangua kicheko, naye akacheka pamoja nao. Bosi akachukua kola ya kwanza, akaikunja katikati. Ncha zililingana. Akaiweka kwenye rundo la zilizokamilika.

Shangazi mwenyewe alimruhusu Kasuku anisimulie haya, nami niyaandike, kwa sharti kwamba nisitaje jina lake wala kuuliza ilikuwa vita gani. Sikuuliza. Yeye aliniambia jambo moja tu, kwamba jioni ile, kola zikiwa zinaongezeka, alimwita mwana wa kaka yake.

"Kasuku. Ile sura tuliyoiacha. Isome."

"Yote, Shangazi?"

"Yote. Na usimeze maneno."

Kasuku akafungua kitabu, akarudi kwenye ule mlango, akasoma kwa sauti. Cherehani za dirishani zilikuwa zikilia zote, na safari hii hakuna hata moja iliyonyamaza.