Baiskeli ya Gundi

Mwaka ule wa 2000 wakubwa wa nchi walikuwa Arusha wakibishania amani kwa posho. Watu wa Jabe, mtaa wa Bujumbura, walibishania baiskeli, bila posho, na kwa moyo zaidi.

Uwanja wa mabishano ulikuwa baraza la duka la Mzee Hamoud, muuza vipuri, Mwarabu wa Bujumbura aliyeijua Oman kwa picha ya kalenda tu. Ndani ya duka, juu ya minyororo na matairi, ilitundikwa baiskeli yake ya mashindano, chuma cha Ubelgiji, bluu iliyokwajuka, usukani umepinda kama pembe za kondoo dume. Aliipata ujanani, Wabelgiji walipokuwa wakifungasha. Nje barazani alikaa fundi wake, Tajudini, na kando yake iliegemea baiskeli nyeusi ya kaboni, nyembamba, ina maringo kama bibi harusi wa Ngagara. Tajudini aliachiwa na Mfaransa wa shirika la misaada, ambaye ubalozi ulimwita apande ndege siku ileile, naye akamkabidhi fundi baiskeli kama mtu anavyomwachia jirani paka.

“Inua,” Tajudini alimwambia kila mteja. “Na kidole kimoja. Usiogope, haiumi.”

Mteja anainua, anashangaa, anacheka peke yake.

“Sasa nenda uinue ya Mzee. Ile, anza na bismillahi.”

Mzee Hamoud husikia kila kitu, hasa asichoambiwa. “We Taju! Kadre, fremu yangu ya chuma, imeunganishwa na moto. Yako imeunganishwa na nini? Gundi! Mutu muzima na ndevu zake anapanda gundi.”

“Hata ndege za Wazungu ziko na gundi, Mzee.”

“Ndege haipiti kwa mashimo ya Buyenzi.”

Baraza zima linaangua kicheko, na siku imeisha bila mtu kutaja nani kauawa wapi. Hiyo ndiyo ilikuwa faida ya mabishano.

Tukisema haki, kila mmoja alikuwa na lake. Chuma kikipinda, kinanyooshwa. Kikipasuka, kuna mafundi wa Zone Industrielle, kule viwandani, wa kukichomelea kwa shaba, na Jumatatu unakipanda tena. Tena chuma kina adabu: hakivunjiki bila kukuarifu. Kwanza kinatoa mstari wa kutu, halafu kinalialia kila ukikanyaga pedali, kama mtu anayetaka aulizwe kulikoni. Ila ni kizito, na hewa ya ziwa inakitafuna kwa ndani wakati wewe unasifia rangi. Kaboni haijui kutu. Inameza mtikisiko wa barabara, viganja havifi ganzi, na kwenye mwinuko wa Kiriri unahisi kuna mtu nyuma anakusukuma.

Na Tajudini alihitaji kusukumwa. Nyumba yake ya Kamenge iliungua mwaka wa tisini na tano. Mkewe Thuwaiba alivuka na watoto hadi kambi ya wakimbizi huko Kigoma, wakaahidiana kuonana mambo yakitulia. Mambo hayakutulia. Kila kitu maishani mwake kilikuwa kimeongezeka uzito, hata kuamka. Kile kidude cheusi ndicho kitu pekee chepesi alichokuwa nacho, na alikitetea jinsi watu wengine wanavyotetea dini. Upande huu wa ziwa alikuwa amebakiwa na mtu mmoja wa damu yake: mama yake, Bi Fatouma, kule Rumonge.

Habari ya Bi Fatouma ililetwa na wachukuzi wa mawese, wale wanaume wanaopanda kutoka Rumonge na madumu yamefungwa kwenye baiskeli mpaka mtu haonekani. “Mguu wa mama yako, ule wa sukari, umeanza kunuka,” walimwambia. “Daktari wa kule amekimbia. Anaongea na watu wasiokuwepo. Mulete kwa hospitali, Taju, na usichelewe.”

Kusema ni rahisi. Wiki ile basi dogo lilichomwa moto Magara na abiria wake, na madereva wote wakapata malaria kwa pamoja. Mitumbwi ilikuwa imekatazwa ziwani. Barabara ya kusini ilifunguliwa na wanajeshi asubuhi wakishaikagua, ikafungwa alasiri, na atakayekutwa humo baada ya hapo, shauri yake. Waliopita walikuwa watu wa baiskeli tu, kwa sababu hawana cha kuporwa, au wanacho lakini kinanuka mawese.

Mzee Hamoud alipanda ngazi mwenyewe, akaiteremsha baiskeli ya bluu. Tangu Tajudini aanze kazi pale alikuwa hajawahi kuiona chini. Mzee aliifuta vumbi kwa shati lake.

“Chukua hii.”

“Mzee, na hii nitafika kule barabara inafungwa. Mi nataka kwenda na kurudi siku moja. Nyeusi itanifikisha kabla ya jua kuwa kali.”

“Itakufikisha, ndiyo. We peke yako. Kurudi je? Unarudi na mama ao unarudi na habari ya mama?”

Watu walikuwepo barazani. Kama wasingekuwepo, pengine angeichukua. Lakini miezi yote ile alikuwa amewainulisha wateja baiskeli kwa kidole, na sasa, siku ya kazi yenyewe, apande ya bluu mbele yao? “Nitaifunga keria,” alisema. “Mama ni mwepesi. Amebaki mifupa na dua.”

Baiskeli ya mashindano haina mahali pa kufungia keria; aliyeitengeneza hakufikiria mama wa mtu. Kwa hiyo keria hushikwa kwa koliye, ukanda wa chuma unaozungushwa kwenye mabomba ya fremu na kukazwa kwa bolti. Na kila fundi wa Jabe anajua namna ya kukaza: unakaza huku umetega sikio. Bomba la chuma likibanwa vya kutosha linalia, krii, unalegeza robo, basi. Hakuna kipimo kingine. Tajudini alifundishwa hivyo na Mzee Hamoud, Mzee alifundishwa na Mgiriki, na Mgiriki sijui alifundishwa na nani, Mungu amsamehe.

Tajudini alikaza. Kaboni ikanyamaza. Akaongeza. Ikanyamaza.

“Haijalia,” alisema Mzee Hamoud, ambaye baada ya kushindwa ubishi alikuja kuinama pale, mkono kwenye sikio. “Ongeza. Ikilegea njiani utamuangusha mama.”

Akaongeza, kwa mikono miwili, mshipa wa shingo umesimama. Mwishowe kitu ndani kilisema tik, kidogo tu, kama mtu anayevunja kijiti cha kiberiti mfukoni.

“Haya,” Mzee alisema, akapumua. “Sasa imekubali.”

Wakakaza na koliye ya pili mpaka nayo ikakubali.

Asubuhi iliyofuata Tajudini aliondoka. Aibu ya safari ile ni kwamba alifurahi. Kanyosha, Ruziba, Kabezi vilimpita kama watu wasiomdai salamu. Alivuka kwenye mabaki ya basi Magara bila kugeuza kichwa, magurudumu yanaimba, na kwa muda mfupi alikuwa kijana asiye na nyumba iliyoungua. Alifika Rumonge jua halijawa kali.

Bi Fatouma alilala kwenye mkeka, mguu umefungwa kanga, na harufu ilimpokea mwanawe mlangoni. Alimtambua. Kisha akaitazama baiskeli.

“Hii ndiyo gari uliniletea?”

“Ndiyo, mama. Ya Ulaya.”

“Mbona imekonda hivi? Huko Bujumbura hamulagi chakula?”

Alimkalisha kwenye keria juu ya mto, akamfunga kiunoni kwake kwa kanga mbili, mguu mbovu ukaning'inia pembeni katika ukanda wa kitambaa. Waliondoka polepole. Nyuma yake mama alisoma alichokumbuka cha Yasin, akachanganya, akarudia, akauliza kama wamefika, akamwita Tajudini kwa jina la marehemu babake. Homa yake ilipenya shati la mwanawe kama pasi. Ilimbidi Tajudini asimame mara kwa mara kumpa maji, na kila aliposimama, muda wa barabara ulikuwa unakwisha.

Walikuwa wameipita Minago pale fremu ilipovunjika. Hakukuwa na shimo, hakukuwa na mlio wa kuonya. Baiskeli ilikuwa nzima, halafu haikuwa nzima. Vibomba viwili vya nyuma vya fremu vilikatika palepale chini ya koliye, keria ikaanguka juu ya gurudumu, na mama akaanguka na mguu ule ule chini. Alitoa sauti ambayo Tajudini hakujua kwamba mama yake anayo.

Alipokwisha kumfungua na kumlaza majanini, alitazama mahali palipokatika. Chini ya koliye bomba lilikuwa limesagika. Nyuzi nyeusi zilitokeza, kavu, zimechanika kama katani. Halikuvunjika pale barabarani. Lilivunjika barazani, mbele ya macho yake, siku ile aliposikia tik na wakapumua wote wawili. Chuma kingelia. Na kama kingevunjika hata hivyo, angekifunga kwa kijiti na mpira, angekisukuma. Hiki hakikuwa na pa kukishika.

“Niache hapa, mwanangu,” Bi Fatouma alisema, kichwa kimemrudia. “Wewe ni kijana. Barabara inafungwa.”

“Nyamaza, mama. Tafadhali nyamaza.”

Mchukuzi wa mwisho wa mawese alipita akiwa amechelewa, anakanyaga kwa nguvu, baiskeli yake nzito ya chuma imefungwa madumu pande zote. Alisimama. Alikuwa mtu mwenye mabega mapana, na akajitaja kabla hajaulizwa, kama kujitetea: “Naitwa Cirimwami. Mi ni Mushi, kabila la ng'ambo ya mpaka, siko mutu wa vita.” Alimtazama mama, akatazama jua, akatukana kwa Kishi. Kisha akaanza kukata kamba za madumu yake, akayasukuma kichakani moja moja, mawese ya wiki nzima.

“Mutu mumoja tu,” alisema. “Wawili hatutafika.”

“Mpeleke. Mi nakuja na miguu. Nisubiri kwa kizuizi, barrière ya Kanyosha.”

“Nitasubiri.”

Mama alifungwa mgongoni kwa mgeni. Alitaka kusema neno, lakini Cirimwami alikwisha kanyaga. Tajudini aliona kanga inapungua, inapungua, halafu kona.

Alitembea akiwa amebeba fremu begani, hajui kwa nini. Kwenye kituo cha jeshi cha Kabezi walimsimamisha. Barabara imefungwa, lala hapa au lala kaburini. Mwanajeshi mmoja aliinua mabaki kwa kidole. “Chef, njoo uone! Haina uzito!” Wakacheka, wakapokezana. Tajudini aliwaachia, akakaa chini, na hakusinzia.

Ilipofunguliwa asubuhi alikimbia mpaka pumzi ikakatika, akatembea, akakimbia tena. Kwenye barrière ya Kanyosha alimwona Cirimwami ameketi ukingoni mwa barabara. Ubavuni mwake Bi Fatouma alikuwa amelazwa juu ya majani ya migomba, amefunikwa kanga mpaka kichwani, na Cirimwami alikuwa anafukuza nzi kwa tawi.

Tajudini alisimama mbali kidogo.

“Wamekataa kuniingiza,” Cirimwami alisema. “Wanasema maiti bila mwenyewe haiingii mjini. Na mi nilikuambia nitasubiri.”

“Ilikuwa wapi?”

“Sijui, kaka. Nisikudanganye. Alikuwa anaongea. Aliniuliza kama niko na watoto, nikamwambia wanne. Nikamuelezea wa kwanza, nikamuelezea wa pili. Nikafikiri amelala. Niliendelea kumuelezea mpaka hapa.”

Tajudini alipiga magoti. Mikono ya mama ilikuwa imepishanishwa kifuani, Kikristo. Mtu wa watu alifanya alichokijua. Aliinyoosha taratibu, na ilikuwa imekwisha kukakamaa. Inna lillahi ilimtoka vipande vipande.

“Angekuja juu ya chuma toka mwanzo,” alisema, “jana mchana angekuwa hospitali.”

Cirimwami hakuuliza chuma gani. Alileta baiskeli yake. “Tumupeleke nyumbani kwako.”

Haikuwezekana kumlaza. Walimfunga ameketi kwenye keria, Cirimwami akasukuma, Tajudini akamshika ubavuni ili kichwa kisiyumbe. Mwanajeshi wa barrière, sasa mwenye maiti yupo, aliinua mti. Walipita Kanyosha polepole, soko linafunguka, na muuza ndizi mmoja akasimama kuwapisha.

“Pole, mama,” alisema. “Mungu akuponye.”

“Asante,” Tajudini alijibu kwa niaba yake, na wakaendelea kusukuma.