Maikrofoni Moja kwa Watu Watano

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mtambo wowote. Nilipewa nyaya. Fundi Mkuu wa studio, Mreno mwenye mvi aliyevaa koti la kijivu majira yote, alinikabidhi fungu la nyaya za maikrofoni akaniambia nizikunje. Nikazikunja kama nilivyozoea kukunja kamba ya kuanikia nguo, kwa kuzungusha kwenye kiwiko. Alizifungua zote, akazibwaga sakafuni.

"Unazinyonga, Rehema. Kitanzi kimoja weka juu, kinachofuata pitisha chini. Waya ulionyongwa hukatikia ndani, na hukatika siku ile mwimbaji amepata sauti yake nzuri kuliko zote."

Nilikuwa nimesomea ufundi wa redio Tanga, nikamfuata mume wangu Toronto, na ile studio ya Etobicoke iliyokuwa nyuma ya duka la mazulia ndiyo ya kwanza kujibu ombi langu. Nilikunja nyaya asubuhi nzima. Halafu mlango ukafunguliwa, wakaingia watu watano na makasha ya vyombo, mmoja wao akikumbatia besi la mbao refu kuliko yeye.

Hao ndio niliowarekodi, kwa kwenda na kurudi, mpaka nilipostaafu. Walipiga bluegrass ya kizamani, muziki wa nyuzi tupu uliozaliwa milimani Marekani na kupata wapenzi wake hata huku Ontario. Hauna ngoma, hauna gitaa la umeme. Jina la bendi yao kwa Kiswahili ni kama kusema Vijana wa Kiwanda cha Mbao, ingawa kijana wao mdogo kabisa alikwisha kuwa na upara.

Kiongozi wao alikuwa Gordon, mpiga mandolini. Mandolini yake ndiyo iliyoshika kazi ya ngoma: alizichapa nyuzi zake kwa mkono mkavu, cha, cha, cha, na wenzake wote wakamfuata. Banjo alipiga Colleen, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye alivaa kucha za chuma vidoleni na kucheka kabla hujamaliza kisa. Mwenye besi alikuwa Hugo, dereva wa lori, mtu asiyesema mpaka aulizwe chakula. Waliobaki ni ndugu wawili wa tumbo moja: Walter, mkubwa, alipiga gitaa na kuongoza uimbaji, Dale alipiga fidla na kuimba sauti ya juu. Nilipoiona ile fidla nilitabasamu, maana kwetu Tanga fidla ni ya taarabu, hulia taratibu kama mtu anayebembelezwa. Ya Dale ilikimbia. Nilijikuta nikigonga mguu, na Fundi Mkuu akaninyooshea kidole kupitia kioo: sakafu ya mbao husikika kwenye mkanda.

Ninyi mnaorekodi kila chombo peke yake na kuviunganisha kwenye kompyuta mtashangaa. Sisi tulisimamisha maikrofoni moja katikati ya chumba, watu watano wakaizunguka. Banjo lina kelele, kwa hiyo Colleen alisimama nyuma. Zamu yake ikifika alipiga hatua mbele, wengine wakampisha, akimaliza akarudi kinyumenyume bila kumkanyaga mtu. Kwa hiyo sauti ilipandishwa kwa miguu yao, wala si kwa vidole vyangu. Walter na Dale walipoimba pamoja, mashavu yao yalikaribia kugusana, na zile sauti mbili zilishikana hata usijue hii inaishia wapi na ile inaanzia wapi. Mtu mmoja akikosea, wote wanaanza upya. Wakianza upya, Colleen anacheka, na kicheko nacho kinabidi kifutwe.

Baada ya rekodi yao ya pili nilihamia kituo cha redio katikati ya jiji. Huko Mkuu wa Kitengo cha Muziki, mama mkali aliyependa peremende za tangawizi, alinifundisha kusikiliza nimefumba macho. "Sindano ya mita itakuambia sauti ni kubwa," alizoea kusema. "Haitakuambia kama ni ya kweli." Nilirekodi kwaya, piano, hata mahubiri. Kisha Fundi Mkuu wa Etobicoke alistaafu, na mwenye studio akanipigia simu nikachukue kiti chake. Nilirudi mbio.

Vijana wa Kiwanda cha Mbao walikuja kurekodi tena, lakini safari hii Gordon aliingia peke yake kwanza, akafunga mlango.

"Walter na Dale hawasemeshani," alisema.

Chanzo kilikuwa wimbo usio na maneno, ambao bendi ilitaka ufungue rekodi mpya. Dale, akihojiwa redioni, alisema ameutunga yeye. Walter akiwa jikoni kwake akasikia, na akautambua kuwa ni wimbo ambao mama yao marehemu alikuwa akiuimba midomo imefumba, akikanda mkate. Alimpigia simu ndugu yake, yakatoka maneno, na tangu siku hiyo kila mmoja alikuja mazoezini na kuondoka kama abiria wa treni.

Ndugu hao hawakutaka kusimama chumba kimoja, nami nikafanya waliloomba. Nikawatenga vyumba, kila mmoja na hedifoni zake, kila mmoja na maikrofoni yake. Mwenye studio alisikiliza kazi ile hadi mwisho, akavua miwani.

"Kila noti iko mahali pake, Rehema. Ila sijasikia mtu hata mmoja."

Alisema kweli, na iliniuma, kwa sababu niliwapenda wale watu. Nikafikiria ukumbi wa kanisa letu, kanisa la ndugu wa Kongo na Burundi ninakosali kwa kuwa ibada yake ni ya Kiswahili. Una sakafu ya mbao na dari ya juu, mwangwi wake ni mtamu, na hauna chumba hata kimoja cha kumtengea mtu. Mchungaji akatukubalia Jumamosi, akasahau kuniambia kwamba akina mama watakuwa chini wakipika kwa ajili ya sherehe ya shukrani.

Tulipofika, harufu ya sombe, kisamvu cha Kikongo, ilikuwa imepanda ngazi kabla yetu. Mama Furaha, mkuu wa wapishi, alichungulia mlangoni, mwiko mkononi, akaniita kwa jina la mwanangu.

"Mama Neema, hawa bazungu banakula sombe?"

"Watakula, dada. Lakini kwanza tunaomba kimya."

"Kimya tutanyamaza. Lakini tunakuja kusikia."

Nikasimamisha maikrofoni moja katikati. Walter aliitazama, akamtazama Gordon. "Haya hayakuwa makubaliano."

"Hapa hakuna chumba kingine," nikamwambia. "Kama hamtaki, tule, twende nyumbani."

Hugo, kwa mara ya kwanza bila kuulizwa, akasema, "Tupige, halafu tule."

Wakapiga. Mwanzoni Walter na Dale waliachiana nafasi ya mtu mzima, na sauti ya gitaa ikawa hafifu masikioni mwangu. Lakini maikrofoni moja haina huruma: ukitaka usikike, sogea. Zamu ya fidla ikafika, Dale akaingia, Walter hakupisha vizuri, wakagongana mabega. Colleen akaangua kicheko. Wakaanza upya. Safari ya tatu Walter alimpisha ndugu yake kama zamani, bila kutazama, na ule wimbo ukainuka. Akina mama walikuwa wamepanda mmoja mmoja, wamevua viatu, wameketi viti vya nyuma. Noti ya mwisho haijafa bado, Mama Furaha akapiga kigelegele, na wenzake wote wakampokea. Mashine ilikuwa bado inarekodi.

Kisha akamwelekezea Dale mwiko, akauliza kwa sauti, "Uliza ule papa wa fidla: ni nani alitungaka huu wimbo?"

Nikatafsiri. Dale aliteremsha upinde wake.

"Mama yetu," alisema.

Walter aliweka gitaa chini. "Sehemu ya kwanza," akasema. "Ile ya pili ni yako, Dale. Mama hakuwahi kufika huko." Akamvuta ndugu yake shingoni, wakasimama hivyo, na vigelegele vikaanza tena kabla sijatafsiri chochote.

Mwenye studio aliuliza kama nitavikata vile vigelegele. Nilikataa. Vimo mpaka leo kwenye rekodi ile, na kwenye orodha ya watunzi jina la mama yao liko mbele ya la Dale.

Wanaoanza kazi hii huniuliza siri ya kurekodi vizuri. Vifaa vizuri vinasaidia, nami sivibezi. Lakini zaidi niliweka watu mahali wanapoweza kusikilizana, kisha nikakaa pembeni.

Nilipostaafu, bendi ilikuja kwenye ukumbi wa jengo letu hapa Thorncliffe Park. Vidole vya Gordon vimekuwa vizito na Walter sasa hupiga ameketi, lakini majirani walijaa na watoto wao. Mjukuu wangu akaja na simu yake.

"Bibi, you want me to record it?"

"Weka simu chini, mwanangu, nipe mkono."

Miaka yote ile nilikuwa nimeusikiliza muziki wao nimekaa kitini, macho kwenye mita. Siku ile niliucheza.